Mtoto Aliyelilia Jina

Bibi Sijaona wa Bonga hakuwa mtu wa kuambiwa jambo. Alizaliwa Kondoa, akaolewa Babati, akamzika mume wake Babati, na tangu hapo akala kwa jasho lake. Kazi yake ilikuwa kuchambua mbaazi za matajiri wa sokoni: anakaa chini kwenye turubai tangu asubuhi, anatoa vijiwe na mbegu zilizotobolewa na wadudu, mpaka mgongo unakataa kunyooka. Watu walimheshimu na kumwogopa kidogo. Akishasema hili ni jeupe, hata uje na shekhe na mwenyekiti wa mtaa, litabaki jeupe.

Nyumbani aliishi na mwanawe Hatibu, aliyefanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti, na mkewe Rahma, msichana wa Sigino, mpole, wa maneno machache. Walipopata mtoto wa kwanza, wa kiume, Bibi alicheka siku hiyo mpaka majirani wakashangaa kuona ana meno.

Lakini furaha ilianza kuingia mchanga palepale wodini. Nesi mmoja, Sista Brightness, alikuja na kisindano akamchoma mtoto kisigino, akakamulia damu kwenye karatasi.

"Mnamfanya nini?" Bibi aliuliza.

"Tunampima damu, Bibi. Siku hizi tunawapima wote wanaozaliwa hapa. Kuna ugonjwa ukiujua mapema unamsaidia mtoto."

"Mtoto anaumwa?"

"Haumwi. Ndiyo maana tunampima sasa."

Bibi hakuelewa maneno hayo hata kidogo. Mtu anapimwa akiumwa. Asiyeumwa ukimpima, si unautafuta ugonjwa mpaka uuone? Na wala hakuwa peke yake. Dakta Aniceti, mtu wa makamo mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alikuwa anapita katikati ya vitanda, akamwambia nesi kwa sauti ya chini, ila masikio ya Bibi yalikuwa bado mazima: "Hii pimapima yenu, Brightness, itatuletea kesi za ndoa."

Bibi akatia akilini. Hata mwenye hospitali hakipendi hicho kisindano.

Siku ya saba mtoto alinyolewa, akapewa jina. Hatibu alichagua Abdulsalam. Bibi angependa jina la ukoo, lakini akanyamaza, siku ya jina si siku ya ugomvi.

Mtoto akaanza kulia. Si kulia kwa njaa, nyonyo alikuwa nalo. Jioni ikikaribia analia, anajikunja, anakunja ngumi, uso unakuwa mwekundu kama nyanya. Walimpa maji ya bizari, wakamkanda tumbo, wakambeba mgongoni wakizunguka nyumba. Analia.

Sasa, watu wa Bibi Sijaona wanajua mtoto wa namna hiyo anataka nini. Analilia jina. Kuna marehemu wa ukoo ambaye hajarithiwa, anamfinya mtoto, anasema: mbona mmempa jina la mtu baki na mimi nipo? Dawa yake ni kulirudisha lile jina la kwanza na kumpa la mwenyewe. Bibi alifanya kama alivyofanya mama yake. Alichukua maji mdomoni, akamrashia mtoto kifuani, akasema: "Wewe Abdulsalam, nenda ulikotoka, hapa si pako. Karibu Msafiri." Msafiri ndiye marehemu mume wake. Tangu hapo ni mwiko mtu wa nyumba ile kutamka jina la kwanza, na zaidi ya mwiko, kuliitikia. Ukiliitikia umemfungulia mlango aliyefukuzwa.

Na kweli, baada ya majuma kadhaa, mtoto akatulia. Tumbo la mtoto mchanga hutulia lenyewe akifika miezi mitatu, kila mama anajua, lakini nani angemwambia Bibi hivyo? Aliona dawa yake imefanya kazi, akatembea kifua mbele. Hata kadi ya kliniki aliipeleka mwenyewe, akamsimamia nesi mmoja mgeni mpaka akakata Abdulsalam na kuandika Msafiri juu yake.

Fabiola, jirani yao, mama mmoja wa kutoka Mbulu mwenye mdomo mwepesi, alipata la kusema.

"Hodi hapo! Mama Abdul yupo? Au leo ni Mama Msafiri? Niambieni nisije nikamsalimia mtu asiyekuwepo."

"Fabiola, utakufa kwa ulimi," alisema Bibi.

"Nikifa mtoto wako asinililie, mimi ni Mkristo!"

Wakacheka. Hayo yalikuwa ya mwisho kuchekwa katika nyumba ile kwa muda mrefu.

Mchana mmoja Hatibu alipigiwa simu akiwa mashineni. Sauti ya mwanamke: wewe ni baba Abdulsalam? Mnaombwa kufika kliniki, wewe na mama mtoto, wote wawili. Hatibu akauliza kuna nini. Akaambiwa daktari hataki mambo ya damu yasemwe kwenye simu, mkija mtaelezwa.

Alirudi nyumbani na uso wa mfiwa.

"Baba na mama wote wawili," alimwambia Rahma. "Mambo ya damu. Mimi si mtoto. Kuna kipimo kimoja tu wanachoitia watu wawili wawili."

"Nilipokuwa na mimba nilipimwa, nikaonekana mzima," Rahma alisema. "Na wewe ulikuwepo."

"Basi kama ulikuwa mzima wakati ule, na sasa wanatuita, jiulize mwenyewe."

Rahma alimtazama tu. Alijifunika kanga uso mzima, akalia ndani ya kanga bila sauti. Hatibu hakwenda kliniki, na akamkataza mke wake asiende kuuliza. Walianza kulala kila mtu amegeukia ukuta wake. Chakula kinapikwa, kinaliwa, vyombo vinaoshwa, na hakuna neno. Nyumba yenye ugomvi wa kelele ina nafuu. Nyumba ya kimya inachosha kama kubeba maji kwa ndoo inayovuja.

Siku ya kumpima mtoto uzito ilipofika, Rahma alikuwa na homa ya nyonyo, hawezi kunyanyuka. Bibi akajifunga mtoto mgongoni, akaenda yeye.

Alikaa kwenye benchi na akina mama wengine. Mtoto akapimwa kwa kadi yake ya Msafiri, akaonekana anaendelea vizuri, akachomwa chanjo. Bibi alikuwa anamfunga tena mgongoni atoke ndipo Sista Brightness alipotokea mlangoni, ameshika makaratasi.

"Abdulsalam Hatibu!"

Bibi mikono ikasimama kwenye fundo la kanga.

"Abdulsalam Hatibu, wa Bonga! Yupo?"

Mama mmoja wa pembeni akamgusa. "Bibi, wewe si wa Bonga? Si wako huyo?"

"Wangu anaitwa Msafiri," alisema Bibi. Na hakusema uongo.

Sista Brightness aliangaza macho juu ya vichwa. "Hawa watu sijui wakoje. Simu tumewapigia, hawaji."

Sauti ya Dakta Aniceti ikatoka ndani, imechoka: "Waache. Wakiwa tayari watakuja. Habari mbaya haitembezwi mnadani."

Bibi alisikia vizuri. Moyo ulimpiga. Halafu ukatulia, tena ukatulia kwa furaha ya siri. Habari mbaya ilikuwepo kumbe! Ilikuwepo, nayo ilikuwa ya Abdulsalam, na Abdulsalam wao walishamrudisha. Kama angeitika pale, angeibeba habari ile mpaka nyumbani. Alikaza fundo la kanga, akatoka kwa hatua zake za kawaida, wala hakugeuka nyuma. Nyumbani alipoulizwa alisema mtoto ameongezeka kilo.

Mwezi wa saba upepo wa Babati ukaanza kukata masikio. Mtoto alikuwa ameanza kukaa. Bibi alikuwa anamwogesha nje asubuhi kwa maji ya baridi, apate kuwa mgumu kama babu yake. Asubuhi moja alimtoa kwenye beseni akaona vidole vimejaa. Kufika adhuhuri mikono yote miwili ilikuwa imeumuka kama maandazi, na miguu vilevile, ngozi inang'aa. Macho yalikuwa na rangi ya manjano. Ukimgusa kidole anapiga ukelele wa kupasua kuta. Safari hii hakulia jioni tu. Alilia siku nzima, akikauka sauti anafungua mdomo bila kutoa kitu, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele.

Wifi yake Bibi, dada wa marehemu Msafiri, aliitwa. Ni yeye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Alikaa kwenye mkeka, akamtazama mtoto, akatikisa kichwa.

"Msafiri hamtaki. Analilia jina jingine."

"Jina gani?" Hatibu aliuliza. "Tumebakiwa na nani?"

"Muulize mama yako."

Wote wakamgeukia Bibi Sijaona. Lilikuwa limebaki jina moja kweli, na wote walilijua ingawa halikuwahi kutajwa katika nyumba ile. Sele. Mtoto wake wa kwanza, kabla ya Hatibu, aliyekufa kabla hajajua kukimbia. Watoto wa ukoo walizaliwa wengi, kila mara watu walimwambia toa jina la Sele, na kila mara alikataa bila kusema kwa nini. Lilikuwa lake. Hakutaka kulisikia likiitwa uani na mtu mwingine akaitika.

"Mpe, wifi," yule mkubwa alisema kwa upole. "Huoni anavyoteseka? Ni Sele huyu anakuja kwa mama yake."

Rahma akasema, "Mama, nakuomba. Hata mimi sipendi apewe jina la mtoto aliyekufa, lakini mpe."

Bibi aliinama akakishika kiganja cha mtoto kwa ncha za vidole. Kile kiganja alikuwa amewahi kukishika. Uvimbe ule ule, mng'ao ule ule, joto lile lile. Sele alikuwa na mikono hii hii. Wakati ule walisema ni baridi yabisi, wakasema ni kijicho cha jirani, wakamchanja wembe vidoleni, wakampaka majani. Kisha ikaja homa, na homa haikukaa hata wiki.

"Jina la Sele simpi," alisema.

"Wifi, usiwe mkaidi mbele ya mtoto."

"Nisikilizeni basi. Jina hajapewa, si ndiyo? Hajawahi kuitwa Sele hata siku moja. Mbona mikono ya Sele anayo tayari?" Alitazama uso mmoja mmoja. "Kama huu ugonjwa ungekuja na jina, ungengoja jina. Haukungoja. Lete kanga yangu. Hatibu, vaa viatu."

"Kwenda wapi?"

"Unakojua."

"Mama, mimi kule…"

"Vaa viatu nimesema! Kama ni huo ukimwi unaouogopa, unao ukiwa hapa na unao ukiwa kule. Tofauti ni nauli."

Walikwenda wote. Kliniki Sista Brightness alimpokea mtoto, akaona mikono, uso wake ukabadilika. Akauliza mtoto anaitwa nani. Hatibu akaangalia chini. Rahma akamwangalia mama mkwe. Hakuna aliyethubutu.

"Andika Abdulsalam," alisema Bibi. "Ndilo mlilokuwa mnaliita."

Nesi akainua kichwa. "Bibi, mimi nakukumbuka. Siku ile ulikuwa benchi lile pale."

"Nilikuwepo."

"Niliita mpaka nikachoka. Mbona hukuitika?"

"Hukuniita mimi."

Rahma alimtazama mama mkwe wake kwa macho mapya. Wakaingizwa kwa Dakta Aniceti.

Daktari alimpima mtoto, akamwambia nesi amwanzishie dawa ya maumivu na maji ya mshipa haraka, halafu akaketi kwenye kiti kama mtu anayetua mzigo. Aliwaambia ugonjwa unaitwa selimundu, wengine husema sikoseli. Damu ya mtoto, badala ya kuwa na vijiduara laini vinavyopita, inajikunja kama mundu wa kukatia majani, inakwama kwenye mishipa midogo ya vidole, ndipo vinavimba na kuuma.

"Si ukimwi?" Hatibu aliuliza.

"Si ukimwi. Nani alikwambia ukimwi?"

Hatibu alipangusa uso kwa mkono mzima, akamtazama Rahma kwa upande. Rahma alikuwa anatazama dirisha.

"Unarithiwa," daktari akaendelea. "Kwa baba na kwa mama, wote wawili. Kila mmoja ana nusu. Nusu haikuumizi, unaweza kuzeeka nayo usijue. Nusu mbili zikikutana kwa mtoto, ndiyo hii."

"Kwetu hakuna ugonjwa huo," alisema Hatibu.

"Na kwetu hakuna," alisema Rahma, mara ya kwanza kwa sauti kali.

"Kwetu upo," alisema Bibi Sijaona. "Niliuzika kwa mikono yangu."

Bibi akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa.

"Dakta, ulijua tangu lini?"

"Majibu yalirudi ana wiki kama sita."

"Ukanyamaza."

"Mama, nisikilize na mimi." Daktari alifumba macho, akayafikicha. "Kuna baba mmoja nilimwambia hapa hapa, kwenye kiti hicho. Kesho yake mkewe alikuwa kwao na mtoto, amefukuzwa. Yule mtoto hatukumwona tena, dawa hakupata, sijui kama yupo. Nikasema sisemi tena mpaka waje wote wawili, niwaangalie machoni. Na kusema kweli, kuna siku naona afadhali mtu asijue, ale furaha yake kidogo, ugonjwa utajitangaza wenyewe."

"Umejitangaza," alisema Bibi.

"Umejitangaza."

"Basi tulikuwa tunaviziana. Wewe unangoja tuje, sisi tunaomba usituite. Na mwenye mikono hajui lolote." Alisema hivyo bila hasira, hasira ilikuwa imekwisha njiani. "Dawa ipo?"

Ilikuwepo. Si ya kuponya, ya kumlinda. Penisilini asubuhi na jioni mpaka afike miaka mitano, foliki ya kuongeza damu, kinga ya malaria, maji mengi, asipigwe na baridi. Hapo Bibi alikumbuka beseni la asubuhi, akakunja midomo. Na akichemka mwili, wasingoje kuche, wamlete.

"Ingekuwaje angeanza wakati ule mlipoita?" Rahma aliuliza.

Sista Brightness ndiye aliyejibu, kwa uangalifu. "Mikono pengine ingevimba tu. Lakini zile homa zinazowaua wakiwa wadogo, tungekuwa tumeshaziwekea ukuta. Bado tunaweza. Mtoto yupo."

"Mtoto yupo," Bibi akarudia.

Hatibu akasukuma kiti, akatoka nje.

Daktari alimtazama nesi, kama mtu anayesema, si nilikwambia? Rahma hakugeuka hata kutazama mlango. Alikaa tu, mikono mapajani, amechoka mpaka ule mwisho ambapo mtu hana hata nguvu ya kuomba asiachwe. Bibi ndiye aliyenyanyuka. Magoti yalilia. Alishika ukuta, akatembea ukumbi wote, akamkuta mwanawe getini anaongea na dereva wa bodaboda.

"Unakwenda wapi?"

"Mashineni, Mama. Nimeacha kazi."

"Kwa njia ya Sigino ukamrudishe mkeo kwao, au kwa njia ya Kondoa ukatafute mwanamke mwingine?"

"Mama!" Dereva wa bodaboda akajifanya anakagua tairi. Hatibu akashusha sauti. "Umesikia alichosema. Hata tukizaa mwingine inaweza kuwa hivi hivi."

"Inaweza. Mimi nilizaa wewe baada ya Sele. Nilikuwa sijui, nikazaa. Wewe unajua, utapanga na mwenzako."

"Sasa huyu…"

"Huyu ukimwacha atapona?"

Hatibu alisukuma kokoto kwa ncha ya kiatu.

"Nusu moja umeitoa kwangu au kwa baba yako, hilo sijui, na baba yako hayupo tumuulize. Lakini hukuiokota barabarani, wala mkeo hakuiba mahali. Umemnunia mwanamke wa watu miezi mizima kwa kosa la kubuni."

"Najua."

"Basi rudi ndani. Dawa ziko chupa mbili na pakiti, zina maandishi, na huyo nesi ataeleza mara moja tu, ana watu wengi." Hapo Bibi alisita. Neno lililofuata hakuwahi kumwambia mtoto wake, miaka yote alikuwa anashika gazeti la kufungia vitumbua akijifanya anasoma. "Mimi kusoma sijui vizuri, Hatibu. Nitachanganya ya asubuhi na ya jioni. Rahma peke yake hataweza, atazimia. Anatakiwa mtu wa pili."

Hatibu alimtazama mama yake. Kisha akamwambia dereva, "Samahani kaka, nenda tu," akaingia ndani.

Bibi hakumfuata. Aliketi kwenye benchi la ukumbini kupumzisha magoti. Kutoka chumba cha pili alisikia mtoto analia, sauti imekwisha, lakini bado analia, wanamtafuta mshipa. Akasikia na Hatibu: "Hii ndiyo ya asubuhi? Nirudie tena, sista, polepole." Na Rahma akisema jambo fupi ambalo hakulishika.

Alitamani kulala palepale. Hakukuwa na jina la kutoa wala la kurudisha. Kulikuwa na kesho, na dawa ya asubuhi, na ya jioni, na kesho kutwa tena, mpaka mtoto afike miaka mitano, na yeye hakuwa na hakika kama angefika naye huko.

Sista Brightness akatoa kichwa mlangoni. "Bibi, njoo umshike mkono. Mama yake ameanza kutetemeka."

"Nakuja," alisema Bibi Sijaona, akishika ukuta kunyanyuka. "Msinikimbize."